Doh Yako Ikihesabiwa Mara Mbili, Nani Anajua Kuirekebisha?

Umelipa sacco na Paybill. Meseji imeingia fasta, lakini akaunti yako bado iko ziro. Hapo katikati kuna mifumo miwili inafaa kuongea: M-Pesa na ya sacco. Kuiunganisha ndio madevelopa huita integresheni. Ikikosewa, doh inapotea njiani ama inahesabiwa mara mbili.

Inajirudia aje? Netwaki ikikatika kabla jibu lifike, mfumo unatuma ujumbe tena.

Hii shida ni ya kitambo. Mwaka wa 2003, Gregor Hohpe na Bobby Woolf walitoa kitabu, Enterprise Integration Patterns, chenye mbinu 65. Moja ni hii: kila malipo yawe na namba yake. Namba ile ile ikirudi, mfumo unaipotezea. Apache Camel, programu ya bure iliyoanza 2007, imejengwa juu ya hizo mbinu.

Kusoma ni poa, lakini kitabu hakikushow utaanzia wapi mfumo ukilala saa nane usiku. Hiyo unaskia kwa msee ashachomeka. Ndio maana iHub ilipofunguliwa Nairobi 2010, madevelopa walipata base ya kukutana. Kwa hiyo mikutano, msee anasimama anaonyesha penye alikosea, na hakuna mtu anakuuliza digrii.

Kama umejifunzia kwa keja, enda. Uliza swali lako. Siku yako ikifika, simama pia: kosa lako la jana linaweza okoa doh ya mathe wa mtu kesho.