Kabla ya kumpa kijana kitabu au filamu, jiulize: mtoto wa hadithini anaamua nini?

KIJANA wa Tongoni anayeitazama filamu ya Moana kwa mara ya kwanza hakosi kuona kitu anachokijua. Katuni hiyo ya kampuni ya Disney, iliyotoka mwaka 2016, inamhusu binti wa kisiwa kimoja cha Bahari ya Pasifiki, mbali kabisa na Tanga. Lakini chombo anachosafiria kina tanga, na pembeni kina mti unaokizuia kisipinduke. Mtoto aliyekulia kati ya Tanga na Pangani atasema hiyo ni ngalawa, ila imepungua tengo moja.

Wala hajakosea sana. Wataalamu wengi wanaamini kwamba ufundi wa ngalawa ulifika pwani hii na mabaharia kutoka visiwa vya kusini mashariki mwa Asia, ambao wana asili moja na watu wa Pasifiki. Binti yule wa mbali ana undugu na mvuvi wa Tongoni, na mtoto ameugundua bila kufundishwa na mtu.

Hadithi nzuri hufanya hivyo. Humpeleka kijana kwa watu asiowajua, kisha humwonyesha kwamba kuna kitu wanashiriki. Swali linalowasumbua wazazi wengi ni namna ya kuzipata hadithi za aina hiyo, wakati filamu zinaingia nyumbani kwa simu, kwa flashi na kwa king'amuzi, na vitabu vinavyoingia ni vile tu vilivyotajwa shuleni.

Mzazi makini ana maswali mawili ya kawaida. La kwanza: je, ndani yake kuna mambo machafu? La pili: je, kitamsaidia kwenye mtihani? Yote mawili ni ya haki, lakini hayatoshi. Lipo la tatu ambalo lingefaa liulizwe katika kila nyumba: mtoto wa hadithini anaamua nini?

Sababu yake ni rahisi. Siku hizi si vigumu kupata kitabu au filamu yenye mtoto maskini, mtoto mwenye ulemavu, msichana aliyeachishwa shule au mtoto wa mtaani. Kazi ni kumpata mtoto wa aina hiyo ambaye ana akili yake, hasira yake, utani wake na uamuzi wake. Mara nyingi anawekwa pale ili wengine wamhurumie au wapate funzo. Kijana anayesoma vitabu vya namna hiyo peke yake hujifunza kumhurumia mwenzake. Kumheshimu hajifunzi.

Takadini na swali la mtihani

Mfano mzuri ni Takadini, riwaya ya Ben Hanson ambayo kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa vitabu teule vya Kiswahili vya kidato cha tatu na cha nne. Inatupeleka Zimbabwe ya zamani. Sekai, mama aliyehangaika miaka mingi bila mtoto, anajifungua mtoto mwenye ualbino. Mila inataka mtoto huyo asiishi. Sekai anatoroka naye usiku, anapokewa katika kijiji kingine, na huko Takadini anakua akisemwa na kutengwa.

Kwa Tanzania hadithi hii si ya mbali. Mwishoni mwa miaka ya 2000, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo kwa sababu ya imani za kishirikina, wakiwamo watoto. Wanafunzi waliosoma Takadini katika miaka hiyo walikuwa wakisoma habari za nchi yao.

Shuleni, hata hivyo, kitabu hiki husomwa kwa ajili ya swali la dhamira. Mwanafunzi anaandika kwamba mwandishi anakemea mila potofu, anataja mapenzi ya mama kwa mwana, anapata alama zake na kukifunga kitabu. Kinachopotea ni Takadini mwenyewe. Huyu ni kijana anayefundishwa na mzee Chivero kupiga mbira na kuzijua dawa za miti, akawa fundi. Ni kijana anayependwa na Shingai, msichana ambaye wazazi wake wanataka aolewe na mwingine, naye anaukataa mpango huo na kumfuata yeye. Hapo pana maamuzi ya vijana wawili. Mzazi akimuuliza mwanawe, "Ungekuwa wewe Shingai, ungefanyaje?", mazungumzo ya chakula cha usiku yatakuwa marefu kuliko jibu lolote la mtihani.

Ipo riwaya nyingine kuhusu ualbino, Golden Boy, iliyoandikwa kwa Kiingereza na Tara Sullivan wa Marekani na kutoka mwaka 2013. Mhusika wake, Habo, ni mvulana wa Kitanzania wa miaka 13 anayekimbia kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam, ambako anapata hifadhi kwa mchongaji kipofu. Imeandikwa na mgeni kwa wasomaji wa nje, na msomaji wa hapa hatakosa kulihisi hilo. Lakini inafanana na Takadini katika jambo kubwa: mtoto anapewa kazi ya mikono anayoiweza, na heshima yake inaanzia kwenye kazi hiyo.

Kwa kijana anayependa vitabu vya maisha ya mjini, Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo kingali na nguvu. Watoto wanaofukuzwa shule kwa kukosa sare na ada, wakaishia jalalani kutafuta riziki, hawakuchorwa kama malaika. Wanakosea na wanaponzwa na makundi, na ndiyo maana kijana anayekisoma anawaamini.

Filamu za majirani

Upande wa filamu, majirani zetu wa Uganda na Kenya wametoa mbili ambazo familia inaweza kukaa pamoja kuzitazama bila mtu kuinuka na kusingizia kwenda kunywa maji.

Ya kwanza ni Queen of Katwe, ya mwaka 2016, iliyoongozwa na Mira Nair. Inasimulia maisha ya kweli ya Phiona Mutesi, binti wa mtaa wa Katwe, Kampala, aliyekuwa akiuza mahindi kabla ya kufundishwa mchezo wa sataranji na Robert Katende. Uzuri wa filamu hii ni kwamba haifichi kushindwa. Phiona anakwenda kwenye mashindano makubwa ya kimataifa nchini Urusi, anafungwa na kulia. Akirudi Katwe, kuchota maji na kuuza mahindi hakumkai tena, na mama yake, aliyeigizwa na Lupita Nyong'o, anaogopa kwamba ndoto itamvunja mtoto. Mzazi atajiona katika hofu ile, na kijana atajiona katika ile haraka ya kutoka.

Ya pili ni Supa Modo, ya Likarion Wainaina wa Kenya, iliyotoka mwaka 2018. Jo ni msichana wa miaka tisa mwenye maradhi yasiyo na tiba, anayependa filamu za mashujaa wanaoruka angani. Mama yake anamtoa hospitali na kumrudisha nyumbani. Dada yake hataki akae kitandani akisubiri, na mwishowe kijiji kizima kinashirikiana kutengeneza filamu ambayo Jo ndiye shujaa wake. Filamu hii itawaliza watu wazima. Lakini Jo hakuwekwa pale kuwaliza. Anajua kinachomsubiri, na bado anataka kucheza, kuamuru na kuruka. Nyumba iliyowahi kuuguza mtoto itaielewa, ingawa ni vizuri mzazi aitazame kwanza peke yake kabla ya kuwaita wadogo.

Linganisha na The Lion King ya mwaka 1994, inayopendwa mpaka leo. Majina ya Simba na Rafiki ni yetu, na msemo wake maarufu ni wa Kiswahili. Ni filamu tamu, na hakuna sababu ya kumnyima mtoto. Ila Kiswahili kimo, watu hawamo. Mtoto akikua na filamu za namna hiyo tu, ataamini kwamba Afrika ya kwenye sinema ni ya wanyama.

Hazina iliyo karibu na nyumbani

Wazazi wengine watasema kwamba wanachotaka ni maadili, na kwamba vitabu vya zamani vilikuwa na maadili zaidi. Wana hoja. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, kusini mwa mji wa Tanga, tarehe 1 Januari 1909, hakuficha kwamba anafundisha. Katika Adili na Nduguze, majina ya Adili, Hasidi na Mwivu yanatoa hukumu kabla hadithi haijaanza. Lakini ukiisoma vizuri, hekaya ile haina wepesi. Ndugu waliomtendea Adili ubaya wamegeuzwa manyani, naye analazimika kuwapiga kila usiku, jambo linalomuumiza mwenyewe. Kijana aliyewahi kugombana na kaka yake ana mengi ya kusema hapo. Kinachofundisha ni uchungu wa Adili, zaidi ya jina lake.

Kwa vijana wa miaka 16 na kuendelea, ipo Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Yusuf ana miaka 12 baba yake anapomkabidhi kwa tajiri Aziz ili kulipia deni. Hakuna anayemuuliza anataka nini. Hapa swali letu linageuka na kuuma zaidi: mtoto ambaye kila kitu kimeamuliwa na wakubwa, siku akipata nafasi ya kuamua, ataamua nini?

Halafu ipo filamu ya Pangani, kusini mwa Tongoni kwa barabara ya pwani. Asasi ya UZIKWASA ilitengeneza Aisha mwaka 2015, chini ya uongozi wa Chande Omar. Mwanamke mfanyabiashara anarudi kijijini kwao kwa ajili ya harusi ya mdogo wake, anabakwa, na baadaye anakabiliwa na jamii inayotaka yaishe kimyakimya. Si filamu ya watoto wadogo. Lakini kwa binti na mvulana wa sekondari, inazungumza kwa Kiswahili cha kwao kuhusu jambo ambalo familia nyingi hushindwa kulitamka. Aisha anakataa kunyamaza, na uamuzi huo ndio unaoibeba filamu.

Bado hadithi moja inasubiri mwandishi. Tongoni, kama kilomita 17 kutoka Tanga mjini, ina magofu ya msikiti wa kale na makaburi zaidi ya 40. Aprili 1498, São Rafael, moja ya meli za Vasco da Gama, ilikwama kwenye mafungu ya pwani hii. Shajara ya safari hiyo inaeleza kwamba watu wa hapa waliwaendea Wareno kwa mitumbwi, mmoja umejaa machungwa mazuri kuliko ya Ureno, na kwamba wawili kati yao walibaki melini wakafuatana nao hadi Mombasa. Januari mwaka uliofuata, wakirudi kutoka India, Wareno waliitia moto meli hiyohiyo karibu na hapo, kwa kuwa mabaharia waliobaki hawakutosha kuendesha meli tatu. Wale wawili walikuwa nani? Kwa nini waliamua kubaki melini? Walirudi nyumbani? Mwalimu wa Kiswahili angeweza kulipa darasa zima maswali hayo kama zoezi la insha.

Nyumbani ifanyweje

Mzazi asiye na fedha ya vitabu anaweza kuanza na maktaba ya mkoa iliyopo Tanga mjini, au na kitabu teule ambacho kijana tayari anacho begini. Akisome naye, kurasa chache kila usiku, kwa sauti. Asiyejua kusoma asikilize. Kijana atafurahi kuwa yeye ndiye msomaji.

Filamu zitazamwe pamoja, walau moja kwa mwezi, na mzazi awe ameionja kabla. Pakitokea jambo la aibu mbele ya bibi au babu, si lazima kuzima kila kitu. Kulisemea neno moja kunatosha, kwa sababu kijana akilinyamaziwa nyumbani atalitafutia maelezo kwingine. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu wa leo umo kwenye simu yake.

Kijana aachiwe pia haki ya kusema kitabu hiki hakikunipendeza, mradi aseme kwa nini. Mvulana anayesema Takadini ni mpole mno, au binti anayesema mama yake Phiona ni mkali mno, ameshaanza kuwatazama kama watu anaowajua. Kesho, darasani au kisimani, akimkuta mwenzake wa namna ile, hatamtazama kama somo. Atamsogezea nafasi kwenye dawati wakae pamoja.