Difu Kuukuu ya Land Rover: Hesabu Kabla ya Kutoa Pesa

Ikiwa unayo Land Rover ya zamani ya kupelekea maziwa, huenda siku moja utasikia difu ya nyuma ikilia. Fundi atakwambia utafute nyingine iliyotumika. Utakwenda kwa wauza vyuma vikuukuu, na mwuzaji atakuapia ya kwamba ile aliyo nayo ni ya Land Rover. Yamkini asema kweli, lakini kweli hiyo haikutoshi.

Sababu ni hii. Difu za Land Rover za Series II na Series III zilitengenezwa kwa kipimo cha 4.7, maana yake gurudumu likizunguka mara moja propela huzunguka mara 4.7. Difu ya Range Rover, iliyotoka mwaka wa 1970, ni ya 3.54. Hizi mbili zafanana kwa umbo, nayo ile ya Range Rover huingia katika ekseli ya motokaa yako bila kukataa hata boliti moja. Basi usiseme, "Imeingia, kwa hiyo ndiyo."

Ukitia ya 3.54 nyuma, na mbele imebaki ya 4.7, hutaona kosa maadamu waendesha kwa magurudumu ya nyuma tu. Kosa litaonekana siku ya matope, utakapounganisha magurudumu ya mbele. Ekseli ya mbele itataka mwendo wake na ya nyuma wake. Matopeni magurudumu huteleza na kuficha ugomvi huo. Ukifika penye ardhi ngumu kitu kitavunjika, na maziwa yangali garini. Hata ukibadili zote mbili ziwe za 3.54, motokaa itakwenda upesi zaidi katika lami, lakini nguvu ya kuvuta mlimani itapungua karibu robo. Mimi nisingependa hivyo kwa gari la shamba.

Difu iliyo nje ya gari ni rahisi kupima. Hesabu meno ya gurudumu kubwa, yaani kraunwili, na ya pinioni. Ukipata 47 na 10, hiyo ni 4.7. Ukipata 46 na 13, ni 3.54, iache. Ikiwa meno ya pinioni hayaonekani, tia alama ya chaki, uzungushe kraunwili mara 10, na mwenzako ahesabu flanji ya pinioni. Mara 47 ndiyo yako. Mara 35 na kidogo siyo.

Ile iliyo ndani ya gari hupimwa kwa jeki, na hapa uangalie sana. Breki ya mkono ya Land Rover hizi hushika propela, wala haishiki magurudumu. Gurudumu moja la nyuma likiinuliwa, breki hiyo haizuii gari. Basi ziba magurudumu ya mbele kwa magogo, mbele na nyuma, utie stendi imara chini ya ekseli, wala mtu asiingie chini ya gari. Halafu weka gia katika nyutro, na uachie breki ya mkono.

Inua kwanza magurudumu yote mawili ya nyuma, uzungushe moja. Jingine likienda kinyume, ni difu ya kawaida. Yakienda upande mmoja, mtu ametia difu ya kufunga. Kwa hiyo acha yote mawili juu, yazungushe pamoja mara 10, uhesabu propela. Kwa difu ya kawaida, shusha gurudumu moja na kuzungusha lile la juu mara 20, kwa kuwa difu hugawa mzunguko nusu kwa nusu. Propela ikienda mara 47, ni ya 4.7.

Tazama pia mgongo wa ekseli. Difu ya Rover hutolewa kwa mbele, na nyuma yake ni chuma cha mviringo kisicho na mfuniko. Ekseli ya Salisbury, iliyo chini ya Series III nyingi zile ndefu, ina mfuniko wa boliti kwa nyuma. Difu ya namna moja haiingii katika nyumba ya nyingine.

Ukiisha kununua, pitisha kidole katika oili iliyobaki ndani. Ukiona vipande vya chuma, irudishe siku ile ile. Ikiwa ni safi, ioshe kwa mafuta ya taa, ifungwe na gasketi mpya, na ujaze oili ya EP 90 mpaka ifike kwenye tundu la kujazia.