Dhamana ya Taka Haiishi Mlangoni

Mvua za masika hazina siri. Kila zinapoanza kunyesha, mitaro ya mji wa Zanzibar huyatoa hadharani yale yote yaliyofichwa ndani yake wakati wa kiangazi: vifuu vya nazi, makopo, chupa za plastiki, mabaki ya vyakula, nguo kuukuu na napi za watoto. Maji yaliyokosa njia huingia majumbani, na hapo lawama huanza. Huyu hulilaumu Baraza, yule humlaumu jirani, na wa tatu huilaumu mvua yenyewe. Lakini katika lawama zote hizo kuna swali ambalo ni nadra kuulizwa: taka hizi zilitoka katika nyumba gani, nani alilipwa kuziondoa, na kwa nini hazikufika zilikotakiwa kufika?

Swali hilo ndilo tunalotaka kulizungumza leo na wananchi wenzetu wa Unguja na Pemba, na pia na viongozi waliokabidhiwa usafi wa miji yetu.

Siku hizi ni jambo la kawaida kwa mwenye nyumba, mwenye duka au mwenye mkahawa kumlipa mtu amwondolee taka. Jambo hilo lenyewe si baya. Vichochoro vya Mji Mkongwe havipitishi gari, na hata katika mitaa ya Ng'ambo ziko nyumba nyingi ambazo gari la taka haliwezi kuzifikia. Mchukuzi mwenye mkokoteni anafanya kazi ya halali na yenye manufaa. Ubaya unaanza pale tunapomlipa mtu bila ya kumuuliza anakokwenda. Mlango unafungwa, pua inapumua, na mwenye nyumba anajiona ameshatimiza wajibu wake.

Mwandishi wa safu hii naye hajasalimika na kosa hilo. Kwa muda wa miezi kadhaa alikuwa akimlipa kijana mmoja kila Ijumaa, naye kijana alikuwa hodari, hakosi siku wala hapandishi bei. Siku moja baada ya mvua kubwa, majirani wa mtaa wa pili walikuwa wakizibua mtaro uliokuwa umefurika mpaka barazani mwao. Mzee mmoja alinyanyua kutoka katika tope bahasha iliyoloa, akaisoma, kisha akamtuma mjukuu wake aipeleke kwa mwenyewe. Jina lililokuwa juu ya bahasha lilikuwa la mwandishi huyu. Mzee hakutukana wala hakushitaki. Alituma salamu tu, pamoja na maneno kwamba vitu vyetu vimefika kwake salama. Aibu ile ilifundisha zaidi kuliko faini yoyote. Yule kijana hakuwa mwizi. Alilipwa ujira wa kuvuka mtaa mmoja, naye akavuka mtaa mmoja. Aliyenunua huduma isiyokamilika alikuwa ni mwenye nyumba. Wahenga walisema kwamba rahisi ni ghali, na katika jambo hili ghali yenyewe hulipwa na mtu mwingine.

Wapo watakaosema kuwa tunalikuza jambo dogo. Historia ya visiwa vyetu haikubaliani nao. Mmisionari na msafiri David Livingstone, alipokuwa Zanzibar mwaka 1866, aliandika kwa uchungu juu ya uvundo wa taka zilizotupwa pwani ya mji, hata akaligeuza jina la Zanzibar kwa dhihaka. Miaka michache baadaye, mnamo 1869 na 1870, kipindupindu kiliua maelfu ya watu hapa, na daktari James Christie, aliyekuwa akitibu mjini wakati huo, alichapisha mwaka 1876 kitabu kizima juu ya maradhi hayo katika Afrika Mashariki. Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alifahamu thamani ya maji safi, akajenga njia ya kuleta maji ya chemchem mjini. Lakini maradhi hayakusahau njia. Mwaka 1978 kipindupindu kilizuka katika kijiji cha wavuvi. Wagonjwa 411 waliandikwa na 51 kati yao wakafariki dunia. Kimerudi mara nyingi tangu hapo, na mlipuko wa 2015 na 2016 bado tunaukumbuka.

Ni kweli kwamba kipindupindu huletwa na uchafu wa choo kuingia katika maji na chakula, wala si kila taka inayokizaa. Lakini taka ndizo zinazoziba mitaro, na mtaro ulioziba ndio unaofurisha mashimo ya vyoo na kuyachanganya maji yake na ya visima. Napi iliyotupwa mtaroni ni choo kilichofungwa kwa plastiki. Tena kopo, kifuu na tairi bovu lililojaa maji ya mvua ni mahali pa kuzaliana mbu anayeuma mchana na kueneza homa ya dengi, na maji machafu yaliyosimama hufuga mbu wa matende.

Isitoshe, sisi ni watu wa visiwa. Sehemu kubwa ya ardhi ya Unguja ni mawe ya matumbawe yenye nyufa na mapango, na maji tunayokunywa hutoka chini ya ardhi hiyo hiyo. Anayechimba shimo nyuma ya nyumba akafukia betri, mafuta machafu ya gari au dawa zilizokwisha muda wake, asidhani kwamba amevizika. Mvua huvipeleka chini kwa njia asizoziona. Na anayetupa pwani amewatupia wavuvi. Katika bara kubwa mtu anaweza kujidanganya kwamba kuna mahali paitwapo "mbali". Kisiwani mbali hakupo.

Idadi yetu nayo imekua. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar nzima. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 1,889,773, na kati yao 893,169 wako katika Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake. Ongezeko la zaidi ya watu laki tano katika miaka kumi ni ongezeko la majiko, maduka, hoteli na taka. Utaratibu uliotosha zamani hauwezi kutosha leo.

Hatusemi kwamba hakuna lililofanywa. Mwaka 2006 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, miaka kumi na mitatu kabla ya Tanzania Bara kufanya hivyo mwaka 2019. Sheria ya mazingira ya mwaka 2015 ilianzisha Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira, ZEMA. Lipo jaa la Kibele, katika Wilaya ya Kati, lililotengwa kwa ajili ya taka za mji. Kwa hiyo mwisho wa safari unajulikana, na linalotushinda ni safari yenyewe, baina ya mlango wa nyumba na jaa.

Mwananchi afanye nini basi? Kwanza, kabla ya kumpa mtu kazi, amtake aoneshe kibali chake. Mchukuzi mwenye kibali hujulikana kwa Baraza na kwa sheha, na akikosea pana pa kumshitaki. Pili, amuulize taka zinapelekwa wapi: kwenye kontena gani la mtaa, au kwa gari gani mpaka jaani. Anayejua kazi yake atajibu mara moja, na anayebabaika ameshajibu vile vile. Tatu, apatane naye bei na siku za kuja, na apewe risiti, hata kama ni ya shilingi chache. Nne, aangalie vifaa. Mkokoteni au gari lifunikwe ili taka zisimwagike njiani, na wafanyakazi wawe na glavu na viatu vya kufunika miguu, kwani nao ni watoto wa watu na sindano iliyotupwa ovyo haichagui.

Naye mwenye nyumba ana sehemu yake. Maganda ya ndizi, mabaki ya mboga na majani yatengwe, kwani hayo huoza yakawa mbolea, na wakulima wanaihitaji. Chupa na makopo yawekwe mbali, maana wapo wanaoyanunua. Vigae na vitu vyenye ncha vifungwe kwa karatasi nene. Akifanya hivyo atakuta kapu lake la taka limepungua, na gharama nayo imepungua.

Wenye biashara hatuna budi kuwaeleza kwa uwazi zaidi. Hoteli moja huweza kutoa kwa siku moja taka za mtaa mzima. Gereji ina mafuta machafu, zahanati ina sindano na bendeji, mjenzi ana kifusi. Taka za namna hizo haziwezi kukabidhiwa mtu yeyote anayepita na mkokoteni. Mwenye biashara awe na mkataba wa maandishi na mwenye leseni ya kazi hiyo hasa, na azihifadhi risiti zake kama anavyohifadhi risiti za kodi. Mgeni anayekuja kutazama fukwe zetu hawezi kuoneshwa ufukwe wa mbele huku taka za jikoni zikimwagwa katika msitu wa nyuma.

Kwa viongozi wetu tunalo ombi lenye mambo matatu. Orodha ya wachukuzi wenye vibali ibandikwe katika kila ofisi ya sheha, Unguja na Pemba, ili mwananchi asipate kisingizio cha kutojua. Bei zitangazwe, na ziwe za kadiri, kwa sababu huduma isiyoweza kulipiwa na mnyonge humrudisha mnyonge mtaroni. Na makontena yaondolewe kwa wakati. Haifai kumlazimisha mwananchi atumie mchukuzi mwenye kibali, halafu mchukuzi huyo akute kontena limefurika siku tatu na mbuzi wamepanda juu yake. Sheria ikimbana mwananchi, nayo ofisi ijibane.

Kuhusu vijana wa mikokoteni, tusiwafukuze. Wasajiliwe, waungane katika vyama vya ushirika, wapewe maeneo ya kazi na mahali maalumu pa kushushia. Wengi wao wanaijua mitaa kuliko ofisa yeyote. Na pale ambapo nyumba moja haimudu ujira, nyumba kumi zinaweza kuchanga. Hiyo ni desturi yetu katika harusi na misiba. Kwa nini isiwe katika usafi?

Watoto wetu wa madrasa wanafundishwa mapema kwamba usafi ni katika imani. Mafundisho hayo hayakuishia katika kufagia ua na kuoga. Anayefagia ua wake na kumjazia mwenzake mtaro hajasafisha kitu, amehamisha tu. Masika mengine yako njiani. Kila mmoja wetu, Ijumaa hii mchukuzi atakapobisha hodi, amuulize neno moja kabla ya kumlipa: unazipeleka wapi?