A5: Barabara ya Kirumi Inayolisha Maghala ya Uingereza

Mpakani mwa kaunti za Leicestershire na Warwickshire, katikati ya Uingereza, kuna mahali panaitwa High Cross. Leo hapana soko wala stesheni. Lakini karibu miaka 2,000 iliyopita Warumi walikutanisha hapo barabara zao mbili kubwa: Watling Street, iliyotoka pwani ya Kent ikapitia London kuelekea kaskazini-magharibi, na Fosse Way, iliyounganisha Exeter na Lincoln. Penye njia panda hiyo ulichipuka mji mdogo wa Venonis, wapita njia wakapata pa kulala na pa kununua mahitaji.

Ukifuata Watling Street kilomita chache kuelekea kusini-mashariki, unakutana na majengo marefu yasiyo na madirisha, na malori yaliyopangwa kinyumenyume kwenye milango ya kupakilia. Hapo ni Magna Park, karibu na mji wa Lutterworth, mojawapo ya maeneo makubwa ya maghala barani Ulaya. Warumi wameondoka, na jina la barabara limebadilika kuwa A5, lakini biashara ya mahali hapa haijabadilika: kumpokea anayepita, kupokea alichobeba, na kutoza kwa huduma hiyo.

A5 inaanzia Marble Arch jijini London na kuishia bandari ya Holyhead, kwenye kisiwa kilicho ncha ya kaskazini-magharibi ya Wales, safari ya takriban kilomita 400. Historia yake ya kiuchumi inaonyesha jambo moja kwa uwazi kuliko barabara nyingi za nchi hiyo: fedha ya barabara haipatikani pale magari yanapokimbia, bali pale mzigo unaposimama. Kila kizazi kimehamisha mahali pa kusimama, na utajiri umehama pamoja napo.

Ushuru getini

Hadi karne ya 17, matengenezo ya barabara nchini Uingereza yalikuwa mzigo wa kila parokia. Wanakijiji walilazimika kutoa siku kadhaa za kazi bure kila mwaka kuziba mashimo yaliyochimbwa na magari ya watu wasiowajua. Mfumo huo ulishindwa hasa kwenye njia kuu, kwa kuwa wasafiri wengi walikuwa wageni na gharama ilikuwa ya wenyeji.

Dawa iliyopatikana ilikuwa geti la ushuru. Bunge lilipitisha sheria moja baada ya nyingine kuruhusu bodi za wadhamini kukopa fedha, kutengeneza kipande cha barabara, kisha kulipa deni kwa ushuru wa wapita njia. Bodi ya kwanza iliyoendeshwa na wadhamini wa kiraia badala ya mahakimu wa kaunti iliundwa mwaka 1707, na ilikuwa kwenye barabara hii hii, kati ya Fornhill karibu na Hockliffe na mji wa Stony Stratford. Kufikia miaka ya 1830 bodi za aina hiyo zilizidi 1,000 katika England na Wales, zikisimamia takriban kilomita 48,000 za barabara.

Haki ya kukusanya ushuru mara nyingi ilikodishwa kwa mnada. Mkodi alilipa bodi kiasi kilichokubaliwa, na alichokusanya zaidi kikawa faida yake. Bodi ilipata uhakika wa mapato, mkodi akabeba hatari ya hesabu. Ni mpango ambao wawekezaji wa barabara za kulipia wa leo wangeuelewa bila kufafanuliwa.

Aliyefaidika zaidi, hata hivyo, alikuwa mwenye nyumba ya wageni. Farasi wa gari la abiria alichoka baada ya kilomita 15 hadi 20, ikabidi abadilishwe. Dunstable, Stony Stratford, Towcester na Daventry iliishi kwa mabadiliko hayo: mazizi, wahunzi, wauza majani ya farasi, wapishi na wahudumu. Huko Stony Stratford, nyumba mbili za wageni za enzi hiyo, Cock na Bull, bado zinatazama barabara ile ile.

Telford na njia ya Ireland

Mwaka 1801 Ireland iliunganishwa na Uingereza chini ya Bunge moja la Westminster. Wabunge wa Ireland walilazimika kufika London, na barua za serikali kufika Dublin kwa wakati. Njia ya karibu ilikuwa Holyhead, lakini barabara ya milima ya Wales ilikuwa mbaya mno. Mbunge Henry Parnell alilishikilia jambo hilo bungeni, na mwaka 1815 kazi ikakabidhiwa kwa mhandisi Mskoti Thomas Telford.

Telford hakuchimba mifereji na kumwaga kokoto tu. Alichora upya njia ya milimani ili mteremko usizidi futi moja kwa kila futi 20, kiasi ambacho farasi waliweza kukipanda bila kupunguza sana mwendo. Bodi ndogondogo za ushuru za kaskazini mwa Wales, ambazo hazikuwa na fedha za kazi kama hiyo, ziliwekwa chini ya tume moja. Serikali ilikuwa imekubali kwamba njia ya taifa haiwezi kuachiwa kila wilaya ihangaike na kipande chake.

Taji la kazi hiyo ni daraja la Menai, lililofunguliwa tarehe 30 Januari 1826. Linaning'inia kwa minyororo ya chuma, mita 176 kutoka mnara hadi mnara, na liliinuliwa juu kiasi cha mita 30 ili meli za matanga zipite chini yake. Kabla ya hapo abiria walivuka mkondo kwa mashua, na wafanyabiashara wa ng'ombe kutoka kisiwa cha Anglesey waliwaogelesha wanyama wao kwenda sokoni. Baadhi walizama. Daraja liliondoa hasara hiyo kwa siku moja.

Reli yahamisha kituo

Miaka 12 tu baadaye, mwaka 1838, reli ya London hadi Birmingham ilifunguliwa kwa urefu wake wote. Kituo cha katikati ya safari, ambapo vichwa vya treni vilibadilishwa na abiria kushuka kupata chochote tumboni, kiliwekwa Wolverton, jirani na Stony Stratford. Biashara ya kusimama haikufa; ilisogea kilomita chache kufuata reli. Wolverton ikajengwa karakana kubwa na nyumba za wafanyakazi, huku mazizi ya Stony Stratford yakibaki matupu.

Mwaka 1850 daraja la reli la Britannia lilikamilisha njia ya treni hadi Holyhead, na barabara ya Telford ikawa ya wenyeji. Mageti yake yaliendelea kutoza ushuru hadi tarehe 1 Novemba 1895, yale ya Anglesey yakiwa ya mwisho ya aina yake katika Uingereza. Kwa hiyo barabara iliyopata bodi ya kwanza ya wadhamini wa kiraia ndiyo pia iliyofunga geti la mwisho.

Lori lairudisha

Injini ya petroli ilirudisha mzigo barabarani. Serikali ilipozipa barabara namba mwanzoni mwa miaka ya 1920, njia hii ilipewa A5, mojawapo ya barabara sita kuu, A1 hadi A6, ambazo ni msingi wa namba za England na Wales. Sheria ya mwaka 1936 ikazihamishia barabara 30 kuu, A5 ikiwemo, mikononi mwa Waziri wa Usafiri, kwa sababu halmashauri zilishindwa kuzimudu.

Tarehe 2 Novemba 1959 ilifunguliwa sehemu ya kwanza ya barabara ya kasi ya M1, ikienda sambamba na A5 kwa sehemu kubwa. Zinapokaribiana zaidi ni Watford Gap, bonde jembamba la Northamptonshire ambamo barabara ya Kirumi, mfereji, reli na M1 zinapita ndani ya mita mia chache. Safari ndefu zilihamia M1, kisha M6. Wengi walidhani A5 imekwisha kazi. Hesabu hiyo haikuzingatia njia panda.

Barabara za kasi zina sehemu chache za kuingilia na kutokea. Katikati ya nchi A5 inazigusa au kuzikaribia M1, M6, M69 na M42, na ndiyo inayoyaunganisha maghala na malango hayo. Ardhi iliyo kati yake ikapewa jina la pembetatu ya dhahabu ya maghala.

Hesabu ya saa nne na nusu

Sababu ya dhahabu hiyo iko kwenye saa ya dereva. Sheria inamruhusu kuendesha lori saa nne na nusu, kisha apumzike dakika 45. Kwa siku ya kawaida asizidi saa 9. Ghala likiwa katikati ya nchi, dereva anaweza kufikisha mzigo mbali na kurudi ndani ya zamu moja, bila kulipiwa malazi. Mawakala wa maghala hupenda kusema kwamba asilimia 90 ya watu wa Uingereza wako ndani ya saa nne za lori kutoka hapa. Kauli hiyo ndiyo inayouza ardhi.

Jeshi liliigundua hesabu hii mapema. Mwaka 1803, Napoleon alipotishia kuvuka bahari, serikali iliamua kujenga bohari kuu ya silaha Weedon, kando ya Watling Street na mfereji, mbali na kila ufuo. Magna Park ilifuata mwishoni mwa miaka ya 1980 kwenye uwanja wa zamani wa ndege wa Bitteswell, ikijengwa na kampuni ya Gazeley, iliyokuwa tanzu ya maduka ya Asda. Mwaka 1997 ilifunguliwa bohari ya reli na barabara ya Daventry, A5 inapokutana na M1. Ilikusudiwa mizigo ya handaki la kwenda Ufaransa, lakini leo inapokea makasha kutoka bandarini na kupeleka bidhaa za maduka makubwa hadi Scotland kwa treni. Mwaka 2015 kampuni ya vifurushi ya DPD ikafungua kituo chake kikubwa Hinckley, kando ya A5.

Barabara iliyokatika vipande

Tatizo ni kwamba barabara yenyewe haikukua pamoja na maghala. Kati ya Hinckley na Tamworth kuna sehemu zilizobaki za njia moja kila upande, ambako lori kubwa haliruhusiwi kuzidi maili 50 kwa saa. Lori moja likiharibika, foleni inasogea hadi kwenye malango ya maghala.

Karibu na Hinckley kuna pia daraja la reli lililo chini kuliko matrela mengi ya ghorofa mbili yanayotumiwa na kampuni za maduka. Limewahi kuongoza orodha ya shirika la reli la Network Rail ya madaraja yanayogongwa na malori mara nyingi zaidi nchini. Kila linapogongwa, treni husimama hadi wahandisi walikague, na magari hugeuzwa kupitia vijijini.

Upande wa magharibi, barabara ya kulipia ya M6 Toll, yenye kilomita 43 na iliyofunguliwa Desemba 2003, inapita jirani na A5. Msafirishaji anayebana gharama huchagua ile ya bure. Nafuu yake inakuwa kero ya mji ulio njiani.

Usimamizi nao umegawanyika: shirika la National Highways kwa sehemu kubwa ya England, serikali ya Wales kwa upande wake, halmashauri kwa vipande vilivyobaki. Kati ya Edgware na eneo la Dunstable barabara inavaa namba nyingine kabisa, A5183. Barabara mpya ya kuzunguka Dunstable, iliyofunguliwa Mei 2017 na kuunganisha A5 na M1, imeonyesha nafuu inayopatikana malori yanapoondolewa katikati ya mji.

Mwisho wa safari pia umetikiswa. Baada ya Uingereza kuondoka Umoja wa Ulaya, kuanzia Januari 2021 mizigo mingi ya Ireland ilihamia feri za moja kwa moja kwenda Ufaransa, na Holyhead ikapoteza sehemu ya biashara yake. Desemba 2024 dhoruba iliyopewa jina Darragh ilivunja gati, na bandari ikafungwa hadi katikati ya Januari. Katikati ya nchi, maghala yaliendelea na kazi.

Pa kuweka fedha

Hapo ndipo hoja ya uwekezaji inapopata nguvu. Thamani ya A5 leo haiko kwenye umbali wote wa London hadi Holyhead; A55 inabeba mzigo wa Wales kaskazini, na M1 na M6 zinabeba masafa marefu. Iko kwenye kipande cha katikati, kutoka Daventry hadi Cannock, ambako maelfu ya ajira yanategemea lori kutoka getini kwa wakati. Midlands Connect, chombo kilichopanga usafiri wa eneo hilo, kilisukuma upanuzi wa kipande hiki kwa miaka.

Mwaka 1815 Bunge liliona kwamba barabara inayotumikia taifa zima haiwezi kungoja bodi ndogo zikubaliane, likatoa fedha na kumpa kazi mtu mmoja. Wamiliki wa maghala wanakusanya kodi nzuri kwa sababu ya njia panda waliyoikuta. Ni haki nao wachangie kuipanua, na ni wajibu wa serikali kuongoza. Mzigo uliosimama ghalani unaingiza fedha, uliosimama kwenye foleni unaila. Kipande cha Hinckley hadi Tamworth kipanuliwe, na daraja lile la chini lipatiwe ufumbuzi kwanza.