Mchwa hawamo kwenye bima

Ilagala, kata ya Wilaya ya Uvinza pale Mto Malagarasi unapoingia Ziwa Tanganyika, nyumba hujengwa kwa hela ya mawese, muhogo na dagaa. Leo tofali, mwakani bati, mwaka mwingine milango. Wenye bima ni wachache, na wengi wao hawakuifuata. Iliwafuata pamoja na mkopo wa benki. Siku kenchi inapoanza kulala na fundi akigonga ubao unatoa unga, ndipo mtu anakumbuka kuna karatasi kabatini.

Jibu la kampuni karibu dunia nzima ni lile lile: hatulipi. Bima ya nyumba hulipa jambo la ghafla, kama moto, radi au dhoruba na, kwa aliyelipia nyongeza, mafuriko. Ziwa likipanda na kuingia sebuleni, mnaweza kuzungumza. Mchwa hula polepole, miezi na miaka, na kwa macho ya mkadiria hasara hao ni ndugu wa kutu: kazi ya matunzo, na matunzo ni ya mwenye nyumba. Mikataba mingi huwataja wadudu waziwazi kati ya mambo yasiyolipiwa, kwa herufi ndogo na mara nyingi kwa Kiingereza.

Aliyekataliwa aanze kwa kudai barua inayotaja kifungu kilichotumika. Neno la wakala kwenye simu si jibu. Kisha ajiulize: paa limeangushwa na nini hasa? Upepo ukiezua bati, halafu mkadiria akaona njia za udongo ukutani na kuandika "mchwa", hapo kuna hoja, maana kinachopimwa ni chanzo kikuu kilicholeta hasara, si kila udhaifu uliokuwepo. Ushahidi ni picha na vipande vya mbao vyenyewe. Bahati mbaya, mbao mbovu kwetu huishia jikoni siku hiyo hiyo.

Malalamiko huenda kwanza kwa kampuni, kwa maandishi. Yakigonga mwamba, kuna Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi inayotokana na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Mahakama huja mwisho. Lakini kama ni mchwa watupu, bila upepo wala moto, sioni faida ya kupoteza nauli.

Mlango wenye tija zaidi uko kwa aliyepiga dawa. Katika majimbo ya kusini mwa Marekani, ambako bima nayo haigusi mchwa, kampuni za kuua wadudu huuza mkataba wa mwaka hadi mwaka: zinakagua, zinarudia dawa, na baadhi hugharamia matengenezo mchwa wakipenya. Huku garantii nyingi ni ya mdomo. Dai la mkataba lina miaka 6 kabla ya kufungwa na sheria ya ukomo, ila bila risiti, jina la dawa na tarehe, utamshtaki nani kwa lipi? Dawa yenyewe iwe iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Wazee husifu dawa za zamani zilizokaa ardhini miongo. Ni kweli zilikaa, na sumu yake pia: aldrin na dieldrin zilipigwa marufuku na Mkataba wa Stockholm wa 2001. Za sasa huisha mapema, kwa hiyo idadi ya miaka iliyoandikwa kwenye garantii ndiyo bidhaa unayonunua.

Wakati wa kuzipiga ni msingi ukiwa wazi, kabla ya kumwaga jamvi. Baadaye ni kutoboa sakafu, na gharama hupanda. Mbao za mninga huwashinda mchwa vizuri, ila bei yake nayo inawashinda wajenzi, ndiyo maana mapaa mengi ni msonobari uliopakwa oili chafu na kuombewa heri. Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi hutoka, watoto huwakaanga. Wakitokea ndani ya ukuta wako, usiwale tu, mwite fundi.

Kwa asiye na bima kabisa kuna VICOBA. Mfuko wa jamii wa kikundi huchangia msiba, ugonjwa, wakati mwingine nyumba iliyoungua, na kama mchwa wamo au hawamo huamuliwa na wanachama wenyewe kwenye kikao. Hakuna herufi ndogo. Ila mtu wa kwanza kunyoosha mkono huuliza swali lile lile la mkadiria: miaka yote hiyo, ulikuwa huwaoni?