Kasi ya Risasi Ndogo na Gharama Yake

Katika mashamba ya mashariki ya Marekani huishi mnyama aitwaye marmoti, wa jamii ya kindi, ambaye hufukua mashimo na kula mazao. Kwa kuwa hukaa karibu na mlango wa shimo lake, mwindaji hulazimika kumpiga kutoka mbali, pengine mita 250. Kwa kazi hiyo mafundi bunduki wa huko wamebuni risasi nyingi ambazo hazikutoka katika kiwanda chochote, na ambazo wao wenyewe huziita "paka-mwitu". Anayetaka kuchagua mojawapo hukabiliwa na swali la fizikia: je, kasi inunuliwe kwa gharama gani?

Yafaa ikumbukwe kwamba risasi nzima ina sehemu nne: ganda la shaba, fataki iwashayo moto, baruti, na kichwa kirukacho.

Faida ya kasi

Kichwa kinapotoka mtutuni huanza kuanguka papo hapo kwa mvuto wa dunia. Kikienda kwa wastani wa mita 500 kwa sekunde, hufika mita 250 baada ya nusu sekunde, na katika muda huo huanguka kiasi cha sentimita 120. Kasi ikiongezwa maradufu, muda huwa robo sekunde, na anguko huwa kiasi cha sentimita 30 tu. Hivyo mwindaji aliyekosea kidogo kukadiria umbali bado hupiga mahali alipokusudia, na mnyama hufa mara moja badala ya kuingia shimoni na jeraha.

Jinsi paka-mwitu azaliwavyo

Njia ya kawaida ni kuchukua ganda la kiwandani na kuibana shingo yake ili lipokee kichwa chembamba zaidi. Mfano maarufu ni risasi iitwayo .22-250. Ganda lake lilitokana na risasi ya kampuni ya Savage ya mwaka 1915, iliyobuniwa na Charles Newton, yenye kichwa cha kipenyo cha milimita 6.5. Katika miaka ya 1930 mafundi waliibana shingo hadi milimita 5.7. Mwaka 1965 kampuni ya Remington iliipokea risasi hiyo na kuanza kuiuza, na tangu hapo paka huyo amekuwa wa kufugwa.

Mpaka wa kasi

Tofauti ya vipenyo hivyo yaonekana ndogo, lakini eneo la tundu la mtutu hupungua kutoka milimita za mraba 33 hadi 25, yaani kwa robo nzima. Nguvu inayosukuma kichwa ni kanieneo la gesi likizidishwa kwa eneo hilo. Kanieneo nalo lina kikomo kiwekwacho na uimara wa chuma na ganda, katika.22-250 hupita mara 4,000 ya kanieneo la hewa tuvutayo. Isitoshe, baruti ikigeuka gesi hubidi nayo isukumwe mtutuni, na hivyo sehemu ya nishati hutumika kuiendesha gesi yenyewe.

Fundi P. O. Ackley wa Marekani alitoa mfano ulio wazi. Alilichukua ganda la risasi ya Weatherby iliyobuniwa mwaka 1953 kwa wanyama wakubwa kabisa, akalibana lipokee kichwa cha milimita 5.7. Lengo lilikuwa kupita mita 1,500 kwa sekunde. Kasi iliyopatikana ilikuwa kiasi cha mita 1,400. Ganda hilo lina nafasi ya baruti takribani mara tatu ya ile ya .22-250, lakini kasi yake inazidi kwa kiasi cha sehemu moja ya tano tu.

Kilichobaki ni joto. Gesi ya baruti huwa na joto linalopita digrii 2,000 za Selsiasi, hali chuma huyeyuka karibu na digrii 1,500. Mlipuko hudumu kwa muda mfupi mno hata mtutu usiyeyuke, lakini kila mara sehemu ya mwanzo, mbele ya ganda, hulika kidogo. Kadiri baruti inavyozidi na tundu linavyokuwa dogo, ndivyo mtutu unavyochakaa mapema na kupoteza shabaha.

Namna ya kuchagua

Mchaguzi mwenye busara huanza na umbali anaohitaji kweli, kisha huchukua ganda dogo kuliko yote yatoshayo umbali huo. Pili, huuliza iwapo ganda la asili lingali likiuzwa, maana bila ganda bunduki ni fimbo tu. Tatu, na hili ndilo kubwa, hukumbuka kwamba risasi za viwandani hupimwa kanieneo lake katika maabara kwa viwango vilivyokubaliwa, na paka-mwitu wengi hawana viwango hivyo. Anayekisia kiasi cha baruti huweka uso na mikono yake rehani. Kwa sababu hiyo hiyo jina la risasi sharti lichongwe juu ya mtutu, ili yeyote atakayeirithi bunduki asitie risasi isiyo yake.

Ikiwa risasi ya kiwandani yaweza kuifanya kazi ile ile, basi hakuna haja ya paka-mwitu. Nyongeza ndogo ya kasi haitamfaa mwindaji ambaye mtutu wake umekwisha kabla hajazoea kuutumia.