Kupakia, Kupitisha na Kupokeza: Istilahi za Safari ya Faili

Miongoni mwa mambo yanayowatatiza wafasiri wa miongozo ya kompyuta ni safari ya faili kutoka seva moja hadi nyingine. Neno "kupakia" limekwisha kuzoeleka kwa maana ya kupeleka faili kutoka kompyuta ya mtumiaji hadi kwenye seva, na "kupakua" kwa maana ya kinyume chake. Lakini liko tendo la tatu, linalofanyika katika sehemu ya programu asiyoiona mtumiaji: seva iliyolipokea faili hulipeleka kwa seva nyingine. Makusudi ya makala haya ni kulieleza tendo hilo na kuyapima maneno yanayoweza kulitaja.

Tuchukue mfano wa barabara iendayo Rwanda. Shehena iliyoteremshwa katika bandari ya Dar es Salaam hupita Nyakanazi na Lusahunga wilayani Biharamulo, ikaingia wilaya ya Ngara na kuvuka Mto Kagera penye daraja la Rusumo. Himaya Moja ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutekelezwa mwaka 2014. Chini ya utaratibu huo, tamko la forodha hutolewa katika nchi mzigo uendako, na kodi hulipwa kabla mzigo haujaondoka bandarini. Mwaka 2016 kilifunguliwa rasmi Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani cha Rusumo, ambamo maofisa wa nchi mbili hufanya kazi mahali pamoja. Hivyo basi, hati sharti zilitangulie gari. Na ankara iliyopakiwa katika mfumo wa nchi moja yaweza kuhitajika katika mfumo wa nchi ya pili.

Jambo hilo hufanyikaje? Kivinjari hutuma ombi lenye sehemu kadhaa, ambamo hutajwa jina la faili na aina yake, kisha hufuata maudhui yenyewe. Seva ya kwanza ina njia mbili. Njia ya kwanza ni kulihifadhi faili lote kwa muda, kisha kuunda ombi jipya na kulituma kwa seva ya pili. Ikishindikana, faili laweza kutumwa tena. Lakini mafaili makubwa yakiwekwa mazima katika kumbukumbu, seva yaweza kuelemewa. Njia ya pili ni kukitoa kila kipande kadiri kinavyoingia. Njia hii hupunguza mzigo wa seva, lakini mawasiliano yakikatika katikati hakuna nakala kamili ya kurudia, na mtumiaji hulazimika kupakia upya. Kwa njia yoyote ile, seva ya kwanza haipaswi kumwambia mtumiaji kwamba faili limefika mpaka ipate jibu la seva ya pili.

Sasa tuyapime maneno. "Kuhamisha" hudokeza kwamba kitu hakipo tena kilikotoka, hali nakala yaweza kuwa imebaki. "Kusambaza" huleta picha ya wapokeaji wengi, hali mpokeaji hapa ni mmoja. "Kusogeza mbele" hutumika zaidi kwa kuahirisha. Neno lenye hatari kubwa kuliko yote ni "kupitisha". Katika lugha ya ofisi, bajeti hupitishwa na muswada hupitishwa, yaani hukubaliwa. Ofisa wa mpakani akisoma kwenye kioo cha kompyuta kwamba "hati imepitishwa", ana haki ya kuelewa kwamba imekaguliwa na kukubaliwa, kumbe mashine imeipeleka tu kwa mashine nyingine. Gari lisilostahili laweza kuruhusiwa kwa kosa la mfasiri. Hata "kupakia" lahitaji uangalifu: penye malori, "imepakiwa" yaweza kueleweka kuwa ni shehena, si hati. Basi ujumbe na utaje kitu chenyewe.

Tunapendekeza neno "kupokeza". Limejengwa juu ya "pokea" kwa kiambishi cha kusababisha, na maana yake ni kumfanya mwingine apokee. Wasomaji wanalijua tayari katika mbio za kupokezana vijiti: mkimbiaji hupokea kijiti na kumkabidhi mwenziwe, wala hahukumu ubora wa kijiti hicho. Neno hili halidai kwamba nakala imebaki au imefutwa, wala kwamba hati imekubaliwa.

Kwa muhtasari, tunapendekeza matumizi haya:

Kupakia faili: kulipeleka kutoka kompyuta ya mtumiaji hadi kwenye seva.

Seva ya kati: seva inayopokea faili na kuipokeza seva nyingine.

Kupokeza: tendo la seva ya kati kuifikishia seva nyingine faili ililolipokea.

Kuthibitisha mapokezi: jibu la seva ya mwisho kwamba faili limefika kamili.

Kuidhinisha: uamuzi wa ofisa mwenye mamlaka baada ya kuisoma hati.

Kwa istilahi hizi, ujumbe wa kituoni utasomeka hivi: "Ankara imepakiwa; seva ya forodha imepokezwa; mapokezi yamethibitishwa; inasubiri kuidhinishwa." Kila hatua ina kitenzi chake, na anayesoma anajua kazi ya mashine imeishia wapi na wajibu wake mwenyewe unaanzia wapi.